Kilichotolewa Kwenye Unga

Mama alianguka jikoni Jumapili moja jioni, mwezi wa tatu mwaka jana, akipika chai. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza polepole akiwa ameshika meza, akakaa chini, akasema ana kiu. Alikuwa ameshinda akinywa maji siku nzima, jagi baada ya jagi, na sisi tukimcheka ati joto la Nairobi limemshinda. Kufika saa tatu usiku tulikuwa kwenye benchi ya hospitali moja huku Eastlands. Muuguzi alimdunga kidole na mashine ikasoma 27. Kama hujawahi kuishi na mtu wa sukari, acha nikuambie: mtu mzima asiye na ugonjwa huo, kabla hajala asubuhi, huwa chini ya 6.

"Mama, dawa unameza?" muuguzi akauliza.

Mama aliniangalia mimi kwanza. Halafu akasema, "Nilikuwa nimepumzika kidogo, sista."

Kumbe kupumzika kwenyewe kulikuwa kwa wiki sita. Kuna mtu alikuwa amemuuzia mkebe wa unga wa kijani, shilingi 3,500, akamwambia utaosha kongosho. Akamwonya pia asiuchanganye na vidonge vya hospitali, kwa sababu vitapigana tumboni. Mama si mjinga. Ameuza mboga Nairobi zaidi ya miaka ishirini na hakuna mtu anaweza kumwibia chenji. Lakini alikuwa amechoka kuwa mgonjwa, na mkebe ulimwahidi mwisho. Vidonge vilimwahidi tu kesho nyingine ya vidonge.

Asubuhi daktari aliuliza swali la kawaida: kwenu kuna watu wa sukari ama presha? Mama akafikiria. Babake alikufa mzee sana, hajawahi kumeza kidonge cha presha. Mamake vilevile. Ndugu zake walio Nairobi na Nakuru, ndio, wanne kati ya sita. Daktari akaandika kitu, akaenda kitanda kingine. Mimi nikabaki na hesabu hiyo. Wazazi hakuna, watoto wanne kati ya sita. Damu ya ukoo haiwezi kubadilika kwa kizazi kimoja. Sasa ni nini kilichobadilika?

Nilitoka chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kabisa, na siku hizi naishi kwa kuandikia watu. Nilichobaki nacho cha chuo ni tabia ya kusoma usiku. Kwa hivyo nilianza kusoma, na kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba swali letu lilikuwa limeshaulizwa, tena huko kwetu Kisii, karibu miaka mia moja iliyopita.

Mwaka wa 1929, daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa C. P. Donnison alichapisha makala fupi katika jarida la Lancet la London. Alikuwa akifanya kazi South Kavirondo, wilaya iliyosimamiwa kutoka mji wa Kisii na ambayo leo tungeiita Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori. Alikuwa amepima presha ya watu 1,000 wa huko. Aligundua kwamba hadi karibu miaka 40 presha yao ilifanana na ya Wazungu. Baada ya hapo, ile ya Wazungu iliendelea kupanda na umri, lakini hii ya huku haikupanda. Ikaelekea hata kushuka. Na kwa miaka miwili, katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Niliisoma hiyo mara tatu. Najua mambo ya kutilia shaka. Watu wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa, kwa hivyo umri ulikuwa wa kukisia. Wengi walikufa na malaria, nimonia na kuhara kabla moyo haujapata nafasi ya kuchoka. Na daktari wa mkoloni hakuwa rafiki yetu. Makala yenyewe inaongea juu ya Mwafrika kama mtu anayeangaliwa kwa dirisha. Lakini mashine ya presha haijui siasa. Watu waliozeeka hapo Kisii wakiwa na presha ya kijana walikuwepo, na wanaweza kuwa majirani wa babu zangu.

Walikuwa wanakula nini?

Kwa Wagusii chakula kilikuwa wimbi. Obokima wa kweli, ule wa kuitwa ugali bila mtu kucheka, ulikuwa wa wimbi, mweusi, uliosagwa kwa jiwe na kila kitu kikiwa ndani. Kando yake chinsaga na managu, maharagwe, maziwa yakipatikana, nyama siku za sherehe. Chumvi ya duka ilikuwa adimu. Sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya watu walichuja majivu ya mimea na kutumia maji yake kulainisha mboga. Waluhya hadi leo wanaijua kama musherekha. Kitu ambacho hawakuwa na sababu ya kujua ni kwamba chumvi hiyo ya majivu imejaa potasiamu, tofauti na ya duka ambayo ni sodiamu. Figo hutumia potasiamu kutoa sodiamu nje ya mwili. Sodiamu ikizidi na potasiamu ikipungua, presha inapanda.

Sasa kabla hatujaanza kulia ati zamani ilikuwa peponi, hebu tusome ripoti nyingine. Mwaka wa 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti wao kuhusu lishe ya Wakikuyu na Wamaasai. Mmaasai aliishi kwa maziwa, nyama na damu. Mkikuyu aliishi kwa nafaka, viazi na kunde. Wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu na wazito zaidi. Kwa Wakikuyu walikuta upungufu wa damu, meno mabovu na mifupa iliyopinda kwa watoto. Na katika miaka hiyohiyo, wodi za Kenya na Uganda zilikuwa na watoto wenye kwashakoo, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, kwa kukosa protini na vyakula vingine. Kwa hivyo siuzi ndoto ya nyumba ya nyasi. Watu walikuwa wanaumwa na njaa ya kweli. Ninachosema ni kwamba walikuwa na ugonjwa mwingine, na huu wetu hawakuwa nao.

Mabadiliko yaliingia kupitia kazi. Mahindi yenyewe ni ya Marekani ya kale. Yalifika pwani yetu na Wareno karne ya 16 na kwa muda mrefu yalikuwa zao moja kati ya mengi. Halafu ikaja kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo ililipwa kwa pesa, na pesa ilikuwa kwa Mzungu. Watu wa kwetu wakaanza kwenda mashamba ya chai Kericho, yaliyopanuka kuanzia miaka ya 1920. Mfanyakazi alilipwa mshahara mdogo na posho, yaani kipimo cha unga wa mahindi. Unga huo ulikuwa rahisi kununua, kusafirisha na kugawa. Mtu akishalishwa kitu kimoja miaka kumi, anarudi nyumbani na hamu yake.

Nyumbani nako kulikuwa na sababu za kukubali. Wimbi ni kazi. Kupalilia ni kuinama siku nzima ukitofautisha mche na magugu, kuvuna ni kichwa kimoja kimoja, na ndege wanataka mtoto wa kuwafukuza kutwa. Hindi limejifunika lenyewe. Watoto walipoanza kwenda shule, nani angefukuza ndege? Mwaka wa 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara ya H611, iliyozaa kuliko mahindi ya zamani. Nchi changa yenye watu wanaoongezeka ilihitaji hiyo mbegu. Siwezi kumlaumu mtu yeyote aliyeipanda.

Shida ilikuwa pia kwenye mashine. Punje ya hindi ina ganda, ambalo ni nyuzinyuzi, ina kiini chenye mafuta na vitamini, halafu ina wanga. Kwenye kisiagi cha mtaani vyote vinaweza kuingia mfukoni mwako. Kwenye kiwanda kikubwa, ganda na kiini huondolewa kwa sababu kiini kina mafuta, na mafuta huchacha. Unga mweupe uliochujwa unakaa dukani miezi na haupati harufu. Wishwa inaenda kwa ng'ombe. Ng'ombe anapata nyuzinyuzi, wewe unapata wanga mtupu unaogeuka sukari kwenye damu kwa haraka. Kongosho inatoa insulini kuisukuma sukari hiyo kwenye seli. Ukifanya hivyo kila siku, miaka na miaka, huku kiuno kikiongezeka na mwili ukikaa kitako, seli zinaanza kukataa kufungua mlango. Huo ndio ugonjwa wa mama.

Na unga haukuja peke yake. Kiwanda cha sukari cha Miwani karibu na Kisumu kilianza miaka ya 1920. Baada ya uhuru serikali ilitaka nchi ijitosheleze, kwa hivyo viwanda vikafuatana: Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978, Awendo 1979. Vilileta mishahara, shule na barabara. Pia vilifanya kikombe cha chai yenye vijiko vitatu kuwa ishara kwamba nyumba hii haijalala njaa. Mgeni ukimpa chai isiyo na sukari kwetu, umemtukana. Mama alikuwa anakunywa vikombe vinne kwa siku sokoni. Piga hesabu: kijiko kimoja ni kama gramu 4, kwa hivyo vijiko 12 ni karibu gramu 50, na hapo bado hajagusa mandazi. Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri zaidi mtu asipite kama gramu 25.

Aliyeiona picha hii ikijichora alikuwa Hugh Trowell. Alifika Kenya kama daktari kijana mwaka wa 1929, ndio, mwaka uleule wa makala ya Donnison, kisha akahamia Mulago, Kampala, na kukaa Afrika Mashariki karibu miaka 30. Mwaka wa 1960 alichapisha kitabu kizima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, na ndani yake aliorodhesha magonjwa ya kawaida Uingereza ambayo yeye na wenzake hawakuyaona hapa, au waliyaona kwa nadra. Alistaafu, akawa kasisi kwao. Alipotembea tena huku mwaka wa 1970 alikuta watu wanene mijini na kliniki za sukari zenye foleni. Mtu mmoja, katika maisha yake ya kazi, aliona ugonjwa ukikosekana na akauona ukijaa.

Rafiki yake wa Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt kutoka Ireland, alichukua njia ya ajabu zaidi. Alipima kinyesi. Sicheki. Yeye na wenzake walilinganisha choo cha watu wa vijijini Afrika na cha Waingereza, uzito wake na muda ambao chakula huchukua kupita. Wenye chakula cha nyuzinyuzi nyingi walikuwa na choo kizito zaidi kilichopita haraka. Mwaka wa 1975 Burkitt na Trowell walihariri kitabu kilichosema wazi kwamba vyakula vilivyokobolewa vinahusika na magonjwa haya. Baadhi ya madai yao yalikuwa makubwa kuliko ushahidi wa wakati huo. Kuona vitu viwili vikitembea pamoja si kuthibitisha kwamba kimoja kilimzaa mwenzake. Donnison naye alikuwa ameamini kwamba chanzo ni msongo wa maisha ya kisasa, si sahani.

Ushahidi ulionigusa zaidi ulikuja baadaye, na ni kuhusu watu kama sisi. Katika miaka ya 1980 watafiti, Neil Poulter akiwa mmoja wao, waliwafuata Wajaluo waliotoka kijijini magharibi mwa Kenya kuja kutafuta kazi Nairobi, na wakawalinganisha na waliobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Presha ya waliohamia ilikuwa juu zaidi ndani ya miezi ya kwanza tu. Mkojo wao ulionyesha sodiamu zaidi na potasiamu kidogo. Walikuwa wameongeza uzito. Mapigo ya moyo pia yalikuwa juu, kwa hivyo labda Donnison hakukosea yote. Jiji linakusukuma roho pia. Lakini walikuwa ni watu walewale, damu ileile. Walipanda basi, wakashuka Nairobi, na chumvi ikabadilika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu. Kutoka sifuri kati ya 1,800 hadi hapo. Hata ukitoa makosa yote ya vipimo vya zamani, hiyo ni safari.

Turudi kwa mkebe.

Saplimenti si uongo wote, na hii ndiyo sehemu inayochanganya watu. Mahindi yenyewe yanatufundisha. Wenyeji wa Meksiko waliyaloweka kwenye maji ya chokaa kabla ya kusaga, na hilo lilifungua vitamini iliyokuwa imefungwa ndani ya punje. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi huo ulibaki nyuma. Maskini walioishi kwa mahindi matupu, kuanzia Italia hadi kusini mwa Marekani, walipata pelagra: ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inapotea. Daktari Joseph Goldberger alionyesha kuanzia mwaka wa 1915 kwamba halikuwa ambukizo bali chakula. Mwaka wa 1937 vitamini yenyewe ikatambuliwa, naiasini, na baadaye ikaanza kutiwa kwenye unga. Ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na upungufu unaojulikana na kitu kamili cha kuujaza. Iodini kwenye chumvi yetu ni vivyo hivyo. Na tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inalazimisha unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, uongezwe vitamini na madini. Angalia kwanza tulikofika. Mashine inatoa, halafu sheria inarudisha kiasi. Lakini nyuzinyuzi hazirudi na hiyo dozi.

Mimea pia si uongo. Vidonge vya mama, metformini, vina asili ya mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumika zamani na wagonjwa wenye dalili za sukari. Mmea wenyewe ni sumu, unaua kondoo. Wanakemia walitengeneza kitu kinachofanana na kilichomo ndani yake ila chenye usalama zaidi, na mwaka wa 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kukitumia kwa wagonjwa. Kati ya jani na kidonge kulikuwa na miaka ya kupima: kiasi gani, kwa nani, na madhara gani. Mkebe wa kijani ulikuwa umeruka hiyo miaka yote.

Wiki moja baada ya mama kutoka hospitali niliuchukua nikasoma kibandiko cha nyuma, maandishi madogo kabisa. Mlonge. Mbegu za maboga. Unga wa wimbi. Wishwa ya ngano. Majani ya mnavu yaliyokaushwa.

Nilikaa nao mkononi muda mrefu. Mnavu ni managu. Nyanya yangu alichuma managu nyuma ya nyumba bila kulipa hata ndururu. Wimbi ndilo lililomkuza. Wishwa ndiyo kinu kilimnyang'anya mama na kumpa ng'ombe. Mtu alikuwa ameviokota vile vitu vyote vilivyotolewa kwenye sahani yetu kwa miaka mia moja, akavikausha, akavipima kwa kijiko, akamuuzia binti wa Kisii kwa 3,500. Havikuwa sumu. Kilichomlaza mama ni kwamba aliambiwa vinatosha badala ya dawa. Kijiko kimoja cha mnavu hakiwezi kufanya kazi ya bakuli la mnavu, na hata bakuli haliwezi kurudisha kongosho iliyochoka miaka kumi bila mtu kujua.

Nilimwonyesha mama. Akavaa miwani, akasoma, akanyamaza. Kisha akasema kwa Kiswahili cha soko, "Kumbe nimenunua mboga. Mimi!" Akacheka hadi akashika ubavu. Nilicheka pia, lakini si sana.

Sasa anameza vidonge asubuhi na jioni. Chai anakunywa bila sukari, na ameacha kuomba msamaha kwa wageni. Ugali tunakula wa kisiagi, haujachujwa, mara mbili kwa wiki tunachanganya na wimbi. Zaidi ya hapo hatuwezi, kwa sababu wimbi dukani ni ghali kuliko unga wa pakiti. Huo utani wa historia hauchekeshi: chakula cha maskini wa mwaka wa 1929 kimekuwa cha wenye nazo. Na mtu anayerudi mtaani saa tatu usiku, gesi ikiwa imebaki kidogo, atanunua smokie na chapati, na mimi siwezi kumhubiria. Nimefanya hivyo hivyo jana. Pia wimbi si uganga. Uji wa wimbi uliosagwa laini sana na kutiwa vijiko vitatu vya sukari unarudi kuwa sukari tu.

Mwezi uliopita nilipita kemisti hapa mtaani nikapimwa presha. Nina miaka 27. Mashine ilisoma 142 kwa 91. Dada wa kemisti alisema nirudi nipimwe tena siku nyingine nikiwa nimetulia, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi. Nilirudi mara mbili. Bado iko juu ya 140.

Nilimpigia nyanya simu Kisii kumwambia. Yuko karibu miaka tisini, anatembea bila fimbo. Alisikiliza yote, Donnison, figo, potasiamu, kisha akauliza kama huko Nairobi nina pahali pa kupanda managu. Nikamwambia niko ghorofa ya nne. Akasema nikija Disemba atanipa mbegu, na nitafute ndoo.